Umepewa kituo cha utafiti wa sera za elimu: uanzie wapi?

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri wa elimu, na mwezi uliopita nimeteuliwa kuongoza kituo cha utafiti wa sera za elimu hapa chuoni kwetu. Nimekuta watafiti watatu, mchambuzi mmoja wa takwimu ambaye mkataba wake unakaribia kwisha, na ruzuku moja kubwa iliyobakiza miezi kumi na minane. Mkuu wa kitivo anataka makala kwenye majarida. Wizara inataka majibu, tena ya haraka, na ofisa mmoja ameniambia waziwazi kwamba wanatarajia "ushirikiano". Nianzie wapi? Na nitafanyaje kazi na wizara bila kugeuka msemaji wake?

Jibu: Marahaba, Daktari. Hongera, na pole kidogo, maana barua ya uteuzi huwa haitaji hata nusu ya kazi yenyewe.

Nianze na kosa langu. Niliongoza kituo kama chako kwa miaka tisa, na mwaka wa kwanza tulitoa ripoti kuhusu walimu wapya wanaohama shule mapema. Hesabu zilikuwa sahihi na lugha ilikuwa ya adabu. Tukaita waandishi wa habari Jumanne asubuhi. Mkurugenzi wa idara husika wizarani akayasikia mambo ya idara yake mwenyewe redioni, akiwa garini, njiani kwenda ofisini ambako mkubwa wake alikuwa ameshayasikia pia. Hakunipigia simu. Laiti angepiga akafoka, ningeomba radhi yakaisha. Badala yake ombi letu lililofuata la takwimu lilijibiwa kwamba "linashughulikiwa", na likashughulikiwa kwa miaka miwili. Kitaaluma sikuwa na hatia yoyote. Ila nilikuwa nimemwaibisha mtu mbele ya mkuu wake kwa jambo ambalo angelipokea vizuri kama ningemtangulizia nakala.

Kwa hiyo nitalijibu kwanza swali lako la pili, kwa sababu la kwanza linalitegemea. Watu hudhani uhuru wa kituo ni suala la ujasiri wa mkurugenzi siku matokeo mabaya yanapotoka. Siku hiyo umeshachelewa. Uhuru wako umo kwenye karatasi mliyoitia saini wakati bado hakuna anayejua matokeo yatakuwaje, nyote mkiwa bado mnacheka na kunywa chai pamoja.

Mfano ninaoupenda ni wa Chicago. Mwaka 1988 sheria ya mageuzi iliwapa wazazi na jamii madaraka makubwa juu ya shule za jiji lile, na mwaka 1990 likaanzishwa shirikisho la watafiti, likiwa na makao katika Chuo Kikuu cha Chicago, kuchunguza kama mageuzi yale yanazaa chochote. Kamati yao ya uongozi ilikusanya watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja: uongozi wa shule za jiji, chama cha walimu, wakuu wa shule, watafiti wa vyuo vingine, mashirika ya kiraia. Na wakajiwekea desturi moja rahisi, kwamba hakuna atakayeshtukizwa. Viongozi wa shule waliyaona matokeo kabla ya gazeti, wakapata nafasi ya kuuliza na kujiandaa. Hawakupata nafasi ya kuyafuta.

Hapo ndipo penye tofauti unayopaswa kuilinda kwa meno: kusoma mapema si kuidhinisha. Fungua mkataba wa ile ruzuku yako leo hii na utafute maneno matatu, "kwa idhini ya". Mara nyingi hujificha kwenye kifungu cha uchapishaji, karibu na mwisho, baada ya vifungu vya kodi: "Matokeo yatachapishwa kwa idhini ya mfadhili." Ukiyakuta, omba yabadilishwe yawe "baada ya kumpa mfadhili siku 21 za kutoa maoni". Mfadhili mwenye nia njema atakubali, mara nyingi ni mwanasheria wake aliyenakili kifungu kutoka mkataba wa ujenzi. Asiyekubali amekusaidia pia, maana umejua unashughulika na nani kabla hujala fedha yake.

Kwa wizara fanya vivyo hivyo, kwa hati ya kurasa mbili tu. Iseme mambo haya: watapata rasimu wiki tatu kabla ya kutolewa, wakiona kosa la ukweli, kwa mfano jina la programu au mwaka ilipoanza, mtalirekebisha, wakipinga tafsiri yenu, pingamizi lao litachapishwa mwishoni mwa ripoti kwa maneno yao wenyewe, na siku ya kutoka ikifika, ripoti inatoka. Hati hiyo isitiwe saini na wewe. Itiwe saini na makamu mkuu wa chuo. Wakubwa hubadilika kila baada ya muda, pande zote mbili, na katibu mkuu mpya atakayekuja na moto wake ataheshimu sahihi ya chuo kuliko urafiki wako na mtangulizi wake.

Usidhani shinikizo litakuja kwa vitisho. Mimi halijawahi kunijia hivyo. Hunijia kwa simu ya jioni, saa kumi na mbili hivi, sauti laini kabisa: "Profesa, ripoti nzuri sana, nimeisoma yote. Hivi, lile Jedwali la 4 ni la lazima?" Jedwali la 4 ndilo linaloonyesha wilaya kwa wilaya. Nilijifunza kujibu kwa sentensi moja: "Nitumie maoni hayo kwa maandishi, nasi tutayajibu kwa maandishi, yote yatakaa kwenye faili la mradi." Katika miaka tisa maandishi yalikuja mara mbili tu, na mara zote mbili yalikuwa na hoja ya kweli tuliyoifanyia kazi. Waliobaki walinitakia usiku mwema.

Kuna siku matokeo yatakuumiza wewe mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliwafuatilia karibu watoto 3,000 wa jimbo la Tennessee, Marekani, walioombewa nafasi kwenye madarasa ya awali ya jimbo. Nafasi hazikutosha, hivyo bahati nasibu iliamua nani aingie. Mwisho wa mwaka wa awali, walioingia walikuwa mbele. Baadaye faida ikayeyuka, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba walipofika darasa la sita walikuwa na alama za chini kidogo na matatizo mengi zaidi ya nidhamu kuliko waliokosa nafasi. Hakuna mtafiti wa elimu ya awali anayeombea matokeo hayo. Wenzao wenyewe walihoji kila kitu: sampuli, vipimo, ubora wa madarasa yale. Watafiti wale wakayachapisha hata hivyo, na leo mjadala umehamia kwenye swali bora zaidi, yaani nini hasa kinatendeka ndani ya darasa la awali, tofauti na kujiuliza tu kama lipo au halipo. Kituo kinachotoa matokeo ya aina hiyo mara moja ndicho kitakachoaminiwa kikisema siku nyingine kwamba jambo fulani linafaa.

Sasa, uanzie wapi. Anza na yule mchambuzi wa takwimu. Leo, si kesho. Usiache mbachao kwa msala upitao: utaletewa maombi ya kazi ya vijana wenye shahada kubwa na programu mpya za kompyuta, lakini huyo mmoja ndiye anayejua kwamba kwenye faili la mwaka fulani sifuri maana yake ni sifuri, na kwenye faili la mwaka uliofuata sifuri maana yake mwalimu mkuu hakujaza fomu. Ndiye anayejua shule zipi zilibadilishwa namba baada ya wilaya kugawanywa, na kwa nini shule moja ina wanafunzi 4,000 kwa sababu karani aligusa tarakimu mara mbili. Akiondoka, maarifa hayo yanaondoka kichwani mwake, na utayanunua upya kwa makosa ya hadharani. Mwongezee mkataba, kisha mpe mwezi mzima asifanye lingine ila kuandika anachokijua, faili kwa faili.

Mkiwa hapo hapo, wekeni kanuni ya faragha isiyojadiliwa. Kikundi chenye wanafunzi chini ya kumi hakichapishwi. Unaweza kudhani kufuta majina kunatosha. Chukua shule ya kijijini yenye wanafunzi wawili wasioona katika darasa moja: ukichapa wastani wao, kila mtu kijijini amejua alama zao, na mmoja wao akijua ya kwake, amejua na ya mwenzake. Kamati ya maadili ya chuo itakuuliza kuhusu fomu za ridhaa. Haya ya majedwali mara nyingi haitakuuliza, ni juu yako.

Fedha. Miezi kumi na minane inaonekana mingi, lakini andiko la mradi likichukua miezi mitatu kuandikwa, mingine sita au tisa ya kusubiri majibu, na mitatu ya kufungua akaunti na kubishana na ofisi ya uhasibu, umebakiwa na kijisehemu tu. Anza sasa, na usitafute mrithi mmoja wa ruzuku hiyo. Februari 2025 serikali ya Marekani ilifuta kwa mkupuo kandarasi za utafiti wa elimu zilizotajwa kuwa na thamani ya karibu dola milioni 900. Kazi nyingi zilikuwa katikati, baadhi takwimu zikiwa zimeshaanza kukusanywa. Waliokuwa wametegemea mfuko huo mmoja waliamka asubuhi hawana mishahara ya watu wao. Kipimo changu mwenyewe, nilichokifikia baada ya kuungua, ni kwamba mfadhili mmoja asizidi asilimia 40 ya bajeti ya mwaka, na kwamba angalau nafasi mbili, ya mchambuzi wa takwimu na ya msimamizi wa ofisi, zilipwe na chuo chenyewe. Dai hilo kwa mkuu wa kitivo sasa hivi, ukiwa bado bibi harusi. Mwakani hatakusikiliza.

Angalia pia gharama za uendeshaji. Kuna wafadhili wanaolipa asilimia ndogo sana ya gharama hizo, ilhali umeme, ofisi, uhasibu na ukaguzi vinakula zaidi ya hapo. Kila mradi wa namna hiyo unaoukubali unalipiwa kimyakimya na miradi mingine. Nilikataa ruzuku tatu kwa sababu hiyo, na kila mara kuna mtu chuoni aliyeniona nina kiburi.

Kuhusu mkuu wa kitivo na majarida yake: njia mbili zilimshinda fisi, nawe umewekwa kwenye njia panda hiyo kwa barua rasmi. Saa ya wizara huenda kwa wiki, saa ya jarida huenda kwa miaka. Nilichofanya ni kuhakikisha kila mradi unazaa vitu viwili kwa tarehe mbili tofauti: muhtasari wa kurasa nne wakati uamuzi bado uko mezani, na makala ya kitaaluma baadaye, yenye mbinu zote na hesabu zote. Anayeumia usipokuwa mwangalifu ni mtafiti kijana. Yeye ndiye anayeandika mihtasari, anaitwa mikutanoni, anasifiwa na wakurugenzi, kisha miaka mitano baadaye kamati ya kupandisha vyeo inamuuliza makala ziko wapi. Mwombe mkuu wa kitivo akuandikie kwa barua ni kazi zipi za kisera zitahesabiwa, na kwa uzito gani. Akikataa kuandika, basi wape vijana wako siku mbili kila wiki za makala zao, na uzilinde kama mshahara.

Maombi ya haraka ya wizara yachuje kwa swali moja. Watakapokuja na "tunataka kujua kama mpango wetu unafanya kazi", waulize: mtaamua nini, lini, na jibu gani lingewafanya mwamue tofauti? Ukimya utakaofuata utakuambia mengi. Kama hakuna jibu linaloweza kubadili uamuzi, wanachotaka ni ripoti ya kufunika jambo lililokwisha, na hiyo waandikiwe na mshauri wa kukodi. Kama lipo, mara nyingi utagundua swali lenyewe ni dogo na linajibika kwa takwimu mlizonazo kabatini.

Hapo narudi Chicago, kwa sababu wale waliwahi kupata kitu kidogo cha aina hiyo. Walimtazama mwanafunzi wa darasa la tisa, mwaka wa kwanza wa sekondari kwa mfumo wao, wakauliza mambo mawili tu: je, amekusanya masomo ya kutosha kupanda darasa la kumi, na je, ameanguka muhula mmoja katika zaidi ya somo moja la msingi? Ripoti yao ya 2005 ilionyesha kwamba mwanafunzi aliyekuwa kwenye mstari kwa vipimo hivyo viwili alikuwa na uwezekano wa kuhitimu mara tatu na nusu ya yule aliyetoka nje ya mstari, na kwamba kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko alama za mitihani alizokuja nazo. Mwalimu mkuu hahitaji shahada ya takwimu kuelewa hilo. Anahitaji orodha ya majina mapema katika mwaka, wakati mtoto bado anaweza kukamatwa mkono. Shule zikaanza kuitumia hivyo hasa. Ukiulizwa kituo kizuri kinazalisha nini, mimi ningetaja orodha hiyo kabla ya kitabu chochote.

Lakini usijipime kwa orodha kama hiyo kila mwaka, utakata tamaa. Carol Weiss, aliyefundisha Harvard, alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba utafiti mara chache huingia kwenye uamuzi moja kwa moja. Hupenya polepole, ukabadili maneno watu wanayotumia kulitaja tatizo. Niliwahi kumsikia mbunge akitumia bungeni istilahi tuliyoibuni kwenye ripoti ambayo nina hakika hakuisoma. Sikupiga simu kudai haki miliki.

Jambo moja la mwisho la kitaaluma, nalo ni zito: andika kwenye kila ripoti masharti yaliyofanya matokeo yatokee. Mwaka 1985 Tennessee ilianza jaribio katika shule 79, watoto wa chekechea hadi darasa la tatu wakipangwa kwa bahati nasibu kwenye madarasa ya watu 13 hadi 17 au ya watu 22 hadi 25. Madarasa madogo yalifaulu zaidi, hasa kwa watoto weusi na wa familia maskini. Julai 1996 California ikapitisha sheria ya kushusha madarasa ya chini hadi watoto 20, jimbo zima, na shule zikaanza kuitekeleza ndani ya wiki chache. Jaribio lilikuwa na walimu wenye sifa na shule zenye vyumba. California ikalazimika kuajiri maelfu ya walimu wasio na leseni kamili, tena shule za maskini ndizo zilizobaki nao, kwa kuwa wazoefu walihamia nafasi mpya za mitaa yenye nafuu. Wachambuzi waliofuatilia walishindwa kuonyesha faida iliyolingana na fedha zilizotumika.

Kenya walikuwa waangalifu zaidi kwa kuliuliza swali hilo mapema. Serikali ilipopanga kuajiri walimu 18,000 wa mkataba, watafiti, Germano Mwabu wa Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa mmoja wao, waligawa shule za jaribio: nyingine walimu wao walisimamiwa na shirika lisilo la kiserikali, nyingine na serikali yenyewe. Kazi ni ile ile, mkataba ule ule. Chini ya shirika, alama za wanafunzi zilipanda. Chini ya serikali hazikupanda kabisa. Bila kugawa namna hiyo, wangeiambia wizara "walimu wa mkataba wanafaa", na wangekuwa wamesema uongo bila kukosea hata desimali moja.

Tovuti, nembo, kongamano la uzinduzi: viache. Mkuu wa chuo atataka kongamano, mpe mwishoni mwa mwaka wa pili ukiwa na cha kuonyesha.

Na yule ofisa aliyetamka "ushirikiano", mtembelee wiki hii, kabla hajakuomba chochote. Nenda na ile hati ya kurasa mbili, ikiwa rasimu, na kalamu. Muulize ushirikiano kwake una maana gani, kisha unyamaze, umwache ajaze nafasi. Mkubaliane siku 21 au 30, hiyo si vita ya kupigana. Akirudi tena na tena kwenye neno "idhini", usimbishie pale, aga kwa heshima. Halafu niandikie, maana hapo nitakuwa na ushauri mwingine kabisa, na utaanza na kutafuta takwimu zenu wenyewe nje ya wizara.